Hiyo Subira Naitoa Wapi?

Juma hili sianzi na andiko. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Kabla muhula wa pili haujafunguliwa niliitwa kuzungumza na walimu wa shule moja ya msingi ya serikali, si mbali na hapa kanisani. Shule nyingi siku hizi hufanya hivyo. Walimu wanaketishwa nusu siku, wanapewa chai na mandazi, analetwa mtu wa nje awatie moyo. Mimi nilipewa mada ya kumlea mtoto kihisia darasani. Wengi wenu mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na ile tabia ya kupanga kila kitu kwa slaidi haijanitoka. Nikaja na projekta. Nikawaeleza kwamba mtoto anayefundishwa kuijua hasira yake na kuitawala, kumwelewa mwenzake, kuishi na watu na kuamua mambo kwa busara, huyo hata hesabu ataisoma vizuri. Nikawaambia darasa hutulia mwalimu akiwa ametulia. Toeni subira, nikasema. Mtoto mkorofi ndiye anayehitaji upendo mara mbili. Wakaandika. Nikajiona niko sawa.

Wakati wa maswali, mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aliinua mkono. Hakuwa na hasira. Aliuliza vile mtu anauliza bei ya nyanya: "Pasta, nimekuelewa vizuri. Sasa, hiyo subira naitoa wapi?"

Nilimjibu haraka. Nikamwambia aombe, aamke kabla nyumba haijaamka, amwachie Bwana mizigo yake. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Walimu wawili nyuma yake walitazamana. Mimi nikabonyeza slaidi iliyofuata. Ni usiku nikiwa kitandani ndipo niligundua kwamba siku hiyo yote niliulizwa swali moja tu la kweli, na nililijibu vile mtu humwondoa mwombaji langoni.

Nimetembea na swali hilo kwa majuma kadhaa sasa. Si swali la maombi peke yake. Ni swali la haki. Mwalimu tunaweza kumdai saa zake, kwa sababu amelipwa. Tunaweza kumdai maandalio ya somo, na mwalimu mkuu anayakagua na kuweka sahihi. Lakini utulivu wa moyo? Je, nina haki ya kumdai mtu upole ambao sijashughulika hata kidogo kujua kama anao?

Hebu tuangalie tumemwomba nini huyu mtu. Wazazi wetu walipotupeleka shule walitaka mambo mawili: tujue kusoma, na tunyooshwe. Kunyoosha kulikuwa na kifaa chake, na wengine wetu bado tunakikumbuka kwenye viganja. Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni zilizoruhusu kiboko shuleni. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu na adhabu za kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha kumchapa au kumtesa mwanafunzi. Mimi nashukuru. Nimechapwa, na sioni kama kiboko kilinifundisha kitu zaidi ya kukiogopa. Kisha ukaja mtaala mpya, uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2019, na ukiusoma utakuta orodha ya maadili ambayo shule inapaswa kumjenga mtoto nayo. Upendo umo. Heshima imo, amani imo. Yaani siku hizi upendo uko kwenye silabasi.

Vizuri sana. Lakini upande wa pili wa kitabu unasemaje? Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo na watoto wakafurika, jambo la kumshukuru Mungu, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa mwendo huohuo. Mwaka 2023 shule za msingi zikaongezewa Gredi 7, na baadaye Gredi 8 na 9, mara nyingi kwenye ua uleule na vyoo vilevile. Kwa hivyo tulimwondolea mwalimu kifaa kibaya, tukampa kilicho bora, na kile kilicho bora kinahitaji muda na nguvu zaidi. Kiboko huchukua sekunde tano. Kuketi na mtoto umuulize nini kimetokea, umsikilize mpaka aache kulia, ni dakika kumi ukibahatika. Hizo dakika kumi tuliziongeza wapi kwenye ratiba? Hatukuongeza.

Chuoni tulisoma habari za kitabu cha mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, kilichotoka mwaka 1983. Aliwachunguza wahudumu wa ndege, akaona kwamba shirika haliuzi kiti na soda tu, linauza pia tabasamu la yule anayeileta soda. Na tabasamu ni kazi. Kuushika moyo wako ukae namna usivyohisi, siku nzima, ni kazi kama kubeba mawe, ila jasho lake halionekani. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, nikasahau. Sasa fikiria: abiria wa ndege akishuka, ameshuka. Abiria wa mwalimu wanapanda tena kesho asubuhi, walewale, na mmoja hajala tangu jana, na mwingine babake alirudi usiku akapiga kila mtu nyumbani.

Kazi ya namna hii ikizidi bila kupumzishwa, mtu huungua ndani. Shirika la Afya Duniani lilipoieleza hali hiyo mwaka 2019 lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuhisi kwamba analofanya halifai kitu. Likasema wazi ni jambo linalotokana na kazi, si ugonjwa wa mtu. Dalili ya pili ndiyo inayonisumbua kama mzazi. Mwalimu haachi kuja shule. Anakuja, anaandika tarehe ubaoni, lakini moyo umekwishatoka. Anaanza kusema "hawa watoto" kwa sauti fulani. Na sisi tulio nje tunasema, ah, huyo amebadilika, ana roho mbaya.

Nilirudi kumtafuta yule mama. Sikumkuta kwenye stafurumu, nilimkuta chini ya mti, akisahihisha madaftari ya chakula cha mchana kikiwa bado kwenye bakuli lake. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya lile swali." Akacheka. "Pasta, bado unalikumbuka?" Akanipa nafasi kwenye benchi.

Ana watoto 74, Gredi 4. Wiki ya zamu anatoka kwake saa kumi na moja na nusu asubuhi, kungali giza. Alama za tathmini anazipakia mtandaoni usiku kwa bando lake mwenyewe. Hayo aliyasema haraka haraka, kama vitu ambavyo kila mtu ameshazoea. Aliponyamaza kidogo ndipo alinieleza habari ya kijana mmoja.

Kijana huyo alifiwa na mama mwaka jana. Tangu hapo anauma wenzake, anarusha vitabu. Siku moja alipindua dawati. Mwalimu hakumpiga na hakumtukana. Alifanya kile ambacho watu kama mimi tunahubiri kwenye semina: alimshika mkono, akatoka naye nje, akachuchumaa mbele yake, akamwacha alie. Kijana akaanza kuzungumza juu ya mama yake kwa mara ya kwanza. Huku ndani watoto 73 wamebaki bila mtu mzima. Mmoja akasukumwa, akaangukia ukingo wa dawati, akapasuka juu ya jicho. Mzazi akaja na moto. Mwalimu akatakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini aliacha darasa.

"Niliandika barua," aliniambia. "Na kutoka siku hiyo, Pasta, nikiona huyo kijana ameanza, namwambia tu aketi chini. Kwa sauti."

Nilikaa na hiyo sentensi. Huyu mama hakukosa upendo. Alikuwa nao, akautoa, na ukamgharimu barua. Mtoto mdogo hujifunza kutulia kwa kutulizwa. Hawezi kuzaa utulivu peke yake. Anauazima kwa mtu mzima aliye karibu, mara nyingi, mpaka siku moja anakuwa na wake. Sasa yule wa kuazimwa akiwa hana? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Nililizungumza jambo hili kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na mzee mmoja mfanyabiashara hakukubaliana nami. Naandika hoja yake kwa sababu ina uzito. Alisema: "Pasta, kila mtu amechoka. Mama mboga ameamka saa tisa kwenda sokoni. Makanga amesimama mlangoni tangu alfajiri. Mbona mwalimu apewe pole ya pekee, na ana mshahara na likizo?"

Ni kweli. Uchovu si mali ya walimu. Ila nilimuuliza: mama mboga akikujibu vibaya, wewe utafanya nini? Akasema ataenda kwa mwingine. Basi, mtoto wa miaka minane hawezi kwenda kwa mwingine. Hakuchagua shule, hakuchagua mwalimu, hakuketi kwenye mapatano yoyote. Kwenye biashara kuna gharama ambayo wahusika hawailipi, wanamtupia mtu aliye nje ya mapatano, kama kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni na wa chini wanakunywa. Tukibana kwa mwalimu, hesabu zetu zinaonekana nzuri, lakini bili haijapotea. Inalipwa na mtoto, kwa sauti ya "keti chini". Mzee alinyamaza. Sijui kama alikubali. Alisema ataomba juu yake, na nyinyi mnajua wazee wakisema hivyo inaweza kumaanisha mambo mengi.

Mwingine ataniuliza kama sasa ninamtetea mwalimu anayetukana na kupiga. Hapana. Mtoto aliyepigwa amepigwa, hata kama mkono uliompiga ulikuwa umechoka. Mwalimu ana hatia yake na atajibu. Lakini lawama si chapati, kwamba mimi nikimega kipande kikubwa chako kinapungua. Anaweza kuwa na hatia nzima na sisi pia tukawa na yetu nzima. Tunapenda kumpata mkosaji mmoja kwa sababu tukishampata tunaenda nyumbani.

Yangu naijua. Mtoto wangu anasoma kwingine, na muhula uliopita alirudi na daftari limeandikwa maneno makali kwa wino mwekundu. Sikumpigia mwalimu simu. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, saa nne usiku, maneno ya mtu aliyesoma. Wazazi wakanipigia makofi kwa vidole gumba. Mwalimu alikuwa ndani ya kundi hilo. Asubuhi aliandika "Noted, mzazi", basi. Sikujiuliza aliingia darasani siku hiyo akiwa na nini moyoni, na mtoto wa kwanza kumkosea alipata nini. Naam, nimemwomba msamaha, nikachelewa.

Kuna neno moja ambalo sisi wa kanisa tunalipenda: wito. Ualimu ni wito. Naamini hivyo, kama ninavyoamini uchungaji ni wito. Lakini nimegundua kwamba neno hilo mara nyingi hutamkwa na yule anayetaka kulipa kidogo. Walimu vijana wa sekondari ya msingi walioajiriwa kama wanagenzi walikuwa wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wengine wao wenye digrii, na mwaka 2024 walipotoka barabarani kudai ajira ya kudumu nilisikia watu wa Mungu wakisema ati walimu wa siku hizi hawana wito. Mwenye wito pia hulipa nyumba. Mwenye matatu anayekula mapato yote ya jioni bila kuweka kando pesa ya fundi, gari likimzimikia barabarani hatasema gari halina wito.

Na tusiishie kwa walimu. Mtu mzima wa kwanza ambaye mtoto hukutana naye asubuhi ni mlinzi wa lango, yule tunamwita soja. Akimpokea kwa "wewe umechelewa tena, mjinga wewe", siku imeanza hivyo. Kuna mpishi anayejua ni mtoto gani huomba sahani ya pili kwa sababu nyumbani hakuna. Kuna karani wa ofisini ambaye wazazi wote wenye hasira humpitia yeye kwanza. Wengi wa hawa huajiriwa na bodi ya shule, na pesa za mgao wa serikali zikichelewa wao ndio wa kwanza kukosa mshahara. Siku niliyotoa semina yangu hakuna hata mmoja wao aliyealikwa. Mpishi ndiye aliyetuletea chai.

Sasa turudi kwa jibu langu la siku ile. Kumwambia mtu aombe si kosa, na sitalifuta. Nililiweka tu mahali pasipo pake. Someni 1 Wafalme 19 mkifika nyumbani. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, ametishwa na Yezebeli, amekimbia mpaka jangwani, ameketi chini ya mti anaomba afe. Nabii huyo! Mungu hakumtumia mahubiri. Alimwacha alale. Akatuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Swali la Mungu juu ya kazi yake, unafanya nini hapa, lilikuja baadaye, pale Horebu, baada ya usingizi na milo miwili. Mimi nilianza na Horebu. Mkate sikubeba.

Kwa hivyo siku ile chini ya mti nilimuuliza yule mama swali ambalo ningeuliza kwanza: "Mwalimu, ni nini kingekusaidia?" Nilitarajia aseme mshahara, au idadi ya watoto, mambo ambayo ningeitikia kwa huzuni nikaenda zangu. Akasema, "Mtu wa kunishikia darasa dakika kumi nikiwa na yule kijana. Au hata mara moja kwa wiki nikae peke yangu bila mtu kuniita madam."

Kisha akanitazama. "Pasta, si PPI ni yenu?"

Hapo nilikosa mahali pa kuangalia. Kwa wasiojua, PPI ni kile kipindi kimoja kwa wiki ambacho shule hutenga kwa mafundisho ya kiroho, na makanisa hualikwa kutuma watu. Katika shule hiyo ni Ijumaa asubuhi. Kanisa letu liliandikisha jina miaka miwili iliyopita. Muhula wa kwanza tulienda. Muhula wa pili tulienda tukiwa na nafasi. Baada ya hapo kukawa na kesha, kukawa na mkutano wa injili, kukawa na semina, hata ile ya kuwafundisha walimu subira, na kila Ijumaa ambayo hatukutokea yeye alikishika kipindi hicho mwenyewe, pamoja na darasa la jirani ambalo mwalimu wake alikuwa likizo ya uzazi. Dakika 35 za kupumua kila wiki alikuwa amepangiwa, na waliokuwa wakizichukua ni sisi.

Nimeenda Ijumaa tatu sasa. Ya kwanza alikaa nyuma ya darasa muda wote, akisahihisha. Ya pili vilevile. Nadhani hakuamini kama nitarudi. Ijumaa iliyopita nilipoanza kuimba na watoto alisimama, akachukua kikombe chake, akaniambia yule kijana wa dawati la tatu akianza kusumbua nisimwite mbele ya wenzake, nimsogelee tu. Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona ameketi chini ya ule mti, bila daftari.

Gredi 5, Gredi 6 na madarasa mawili ya Gredi 7 bado hayana mtu. Tunaenda wawili wawili, na majina yetu lazima yafike kwa mwalimu mkuu kabla ya siku yenyewe, kwa ajili ya usalama wa watoto. Orodha iko kwa karani wa kanisa. Ijumaa, saa mbili kasorobo, langoni. Mlinzi ameshaambiwa, na tafadhali msalimieni.